Safari ya Mongolia Uliyoniachia

Mama Furaha,

Umeniweka pabaya, na sasa hauko hapa nikugombeze.

Tangu tulipokuzika, kila nikitoka kazini, saluni kule Overport, nakaa na daftari ulilopangia safari ya Mongolia. Mke wangu, hili si daftari, ni fujo! "Siku ya tatu, majani." Majani gani? Nchi nzima iko majani! Na monasteri ya Wabuddha yenye ukuta mweupe, umeiandika mara mbili, mahali tofauti. Wiki nzima natafuta umekosea wapi, kumbe ni monasteri mbili. Halafu "farasi, masaa manne". Masaa manne juu ya farasi! Mimi ninayeogopa mbwa wa jirani!

Furaha anacheka tu. "Papa, Mama alisema utalalamika." Binti yako ananichosha, ana kichwa chako kabisa.

Pasta wetu naye alikuja nyumbani, huku mtaa wa Sydenham, kunikalisha chini. "Ndugu, unapeleka mtoto kwenye sanamu?" Nikamwambia tunaenda kuangalia, hatuendi kuabudu. Akatuombea mpaka chai ikapoa.

Picha zangu za viza zimerudishwa mara mbili. Kwanza, masikio hayaonekani. Pili, eti natabasamu. Eish! Mimi, kutabasamu, mwaka huu?

Jumamosi nikachoka. Nikamwambia Furaha basi, hatuendi. Akafungua ukurasa wa mwisho, pale ulipobandika picha uliyochana kwenye gazeti la kliniki: milima ya majani bila mti hata mmoja, ng'ombe, moshi mdogo.

Siku ile kliniki ulinishika mkono, mbele ya wagonjwa wote. "Tazama! Ni Itombwe. Ni milima ya kwetu, bila risasi." Na mimi nikajibu nini? "Kuna baridi huko." Basi. Ukakunja picha, ukaiweka mkobani.

Mama Furaha, na mimi niliona ni kwenu. Mimi ni mtoto wa Uvira, mtu wa ziwa, si wa milima, lakini niliona. Nilijua hautafika Mongolia, na sikuweza kusema neno lingine. Nisamehe.

Basi nikapiga picha ya tatu, na jana viza zimetoka. Tunaondoka mwezi wa saba.

Nakuahidi sitamharakisha mtoto. Tukikuta ng'ombe kwenye malisho, nitasimama naye, nimfundishe majina ya ng'ombe wa baba yako, yote, kama ulivyokuwa unayaita.

Pumzika sasa, mke wangu. Nimeacha kugombana.

Baba Furaha