Nilitaka Kukuambia Pembeni

Fundi Masanja,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila sijui kukuanza namna nyingine.

Duara letu, shimo lile la dhahabu, limefukiwa. Wamechimba jingine karibu na pale, na kazi yako ya kufunga matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, wamenipa mimi. Natumia shoka lako. Kila asubuhi nawauliza wenzangu kama wameona kasoro yoyote huko chini. "Hakuna, fundi," wanasema, huku wanatazama miguu yao. Siwaamini.

Nikueleze ya siku ile, maana hakuna anayeyajua. Nilitangulia kushuka na tochi, nikaona gogo la tatu limepasuka. Ulilifunga wewe mwenyewe. Nikapanda mbio kukuambia, nikakuta mkweo amefika kutoka Didia, mzee wa watu, kaja kuona kazi ya mume wa binti yake. Nikafunga mdomo. Si ulinifundisha? "Nikikosea, niambie pembeni. Ukiniumbua mbele za watu, katafute fundi mwingine." Nikajisemea, fundi atapanda kula, mzee akinawa mikono nitamvuta fundi kando.

Ukashuka, hukupanda tena. Tulikufukua mpaka jioni. Nilikutoa udongo mdomoni kwa kidole changu.

Msibani mkweo alinishika mkono mbele za watu. "Wabeja, kijana, asante. Masanja alituambia una adabu." Nikainamisha kichwa, nikapokea. Wali wa msiba nilikula, nikaongeza.

Nimekwenda Tinde mara mbili kumwambia mkeo, Mama Kulwa. Mara zote baba yake alikuwepo, amekalia kiti chako. Anasema ulikufa kwa uzembe, kwamba mwenye macho angeliona lile gogo. Anayasema mbele ya wanao, fundi, na mimi nipo, nakunywa uji. Kulwa siku hizi hakutaji. Mama yake ananisindikiza hadi barabarani, ananishukuru, anasema wengine wote wamewasahau, ni mimi tu ninayekuja. Najichukia, halafu napanda gari narudi Geita.

Na wewe nimekukasirikia. Ungeniacha nikuumbue siku moja tu, ungekuwa hai, umenuna.

Jumapili naenda tena. Nitasema niliona, na nilinyamaza. Nitasema wanao wakisikia, hata wakinifukuza wasinione tena.

Pumzika, fundi. Mzee atakuwepo, najua. Safari hii sisubiri anawe mikono.

Shija