Mashine Chini ya Leso

Jumanne, Februari

Wameifunika kwa leso. Sijui kwa nini hilo ndilo linaniuma zaidi.

Msimu uliopita tuliwaachia akina mama wa Kasikeu mashine ya kukausha maembe, ile tuliyohangaika nayo chuoni miaka yote hiyo. Leo nilienda na Bwana Musyoka, mwenye karakana pale Sultan Hamud. Alikuwa tayari kuunda zingine za kuuza, bora tu aone wakulima wanaitumia.

Mama Mutheu, mwenyekiti wao, akafunua leso. Mashine inang'aa! Trei hazina hata doa la embe. Na nyuma ya nyumba maembe yameoza, nzi wamejaa.

"Hamjaitumia?" nikauliza.

"Aiee, mwalimu! Kitu ya chuo? Tukiharibu tutawaambia nini? Pasta aliiombea, na sisi tunaipanguza kila Jumamosi."

Nilijaribu kumweleza Bwana Musyoka kwamba hawajaikataa, kwamba ni heshima tu, kwamba... Alikuwa ameshaingia kwenye gari.

"Mwalimu, mimi naunda vitu vya kutumika," akasema. Kwa upole. Afadhali angefoka.

Nilimsihi Mama Mutheu waiwashe hata kesho, ikiharibika iharibike. Aliitikia vizuri, huku akiirudishia leso na kuichomeka pembeni, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Usijali, mwalimu. Ukirudi utaikuta hivi hivi."