Nani Atasema Nilizaliwa Mueda

Jumatatu, 13 Januari

Sketi za shule. Shule zimefunguliwa leo na bado wazazi wananiletea vitambaa, wote wanataka kesho. Cherehani inakata uzi ovyo. Baba Neema kaondoka alfajiri kwenda bandarini, chai kaiacha mezani.

Saa nne Tereza kapiga kutoka Mueda. Tereza ni binti wa mama mdogo, ndiye macho yangu upande wa Msumbiji. Mama kavimba miguu hadi magotini. Akilala anakosa pumzi. Wako kwenye vibanda vya waliokimbia, pembeni ya mji, kijiji chao hakina mtu tena.

Mama kamuuliza: "Mwanangu atakuja lini?"

Nimerudi kwenye sketi, nimeipinda vibaya. Nimefumua.

Jumatano, 15 Januari

Nimemwambia mume wangu nakwenda kumwona mama. Kauliza nitapita wapi.

Watu wetu huvuka Ruvuma kwa mtumbwi, hawamwulizi mtu. Hiyo ilikuwa zamani. Sasa huko kuna askari kila mahali, na asiye na karatasi anaweza kudhaniwa ni mmoja wa waasi wa porini.

"Ukipita njia ya panya, mie maiti yako nikaiulizie wapi?"

Kasema kweli. Nimemchukia kwa sababu kasema kweli.

Kwa hiyo paspoti. Ya nchi gani? Kitambulisho cha taifa sina. Hata laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mume wangu. Nililetwa Tanzania nina miaka mitano, mabegani mwa mjomba Kalisti, vita vya enzi ile vilipofika kijijini. Baba alivuka pamoja nasi, kafia Temeke. Mama alibaki na bibi. Wakasema atafuata. Hakufuata. Shuleni niliambiwa nikiulizwa niseme kwetu Newala, upande huu wa Ruvuma, nikasema hivyo mpaka ulimi ukazoea. Mama tumempata ukubwani, kwa simu tu.

Si Mtanzania. Si wa Msumbiji. Mtu wa Mbagala basi.

Jumanne, 21 Januari

Ubalozini. Dada wa dirishani kaanza na Kireno. Nimemtazama tu. Kahamia Kiswahili, cha kwao cha kaskazini, nikajisikia vizuri kukisikia, kinafanana na cha marehemu baba.

Nilikuwa na cheti cha ubatizo. Parokia ya huku iliandika nimezaliwa Mueda. Kasema kinasaidia lakini peke yake hakitoshi. Anahitajika ndugu mtu mzima, mzaliwa wa kule, aliyekuwepo nilipozaliwa. Aje aseme mwenyewe.

"Yupo ndugu wa namna hiyo?"

Yupo! Nimerudi nyumbani nikiimba. Kazi yote ya leo haijaguswa.

Jumapili, 26 Januari

Baada ya misa nimekwenda kwa mjomba Kalisti, Kizuiani. Nimemkuta uani, anapiga randa mlango. Nimemwamkia, nimekaa, nimemweleza yote.

Kakataa.

Hakupandisha sauti. Kasema kitambulisho chake kinasema Newala. Hati ya kiwanja inasema Newala. Mwanawe Deo ni mwalimu wa serikali, naye kote kaandika baba kazaliwa Newala.

"Nikisema wewe umezaliwa Mueda, mie mjomba wako nimezaliwa wapi?"

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye baba, na zaidi ya baba. Ndiye aliyesimama kwenye mahari yangu. Anayeumwa ni dada yake, tumbo moja. Nimemwambia hivyo. Karudi kwenye mlango wake.

Shangazi, mkewe, kaleta wali na samaki. Nimeaga bila kula.

Alhamisi, 30 Januari

Deo kaja kibandani kwangu pa kushonea. Kanikuta na mteja, hakujali.

"Dada, unataka kutuangamiza."

Nimemwambia mama yangu ni shangazi yake. Kasema hamjui, hajawahi kumwona. Ana watoto wadogo, ana ajira, leo mtu akianza kufukua ya baba yake wataanguka wote. Mama yako ni mmoja, kasema, sie tuko wangapi?

Mteja kachukua kitambaa chake kaondoka nacho. Mtaani watakuwa wameshasikia.

Deo nilimbeba mgongoni. Nilimfundisha herufi mie. Nina hasira, na ndani ya hasira najua angekuwa mwanangu Neema ndiye mwalimu, huenda na mie ningefunga mdomo.

Jumapili, 9 Februari

Nimefanya jambo. Nilipanga na Tereza awe karibu na mama saa nane. Nikaenda kwa mjomba, nikapiga, nikampa simu mkononi kabla hajauliza nani.

Kasimama. Mzee wa magoti mabovu, kasimama wima kama mkubwa wake kaingia. Mama ndiye dada mkubwa, ndiye aliyemlea.

Wamezungumza Kimakonde. Mama kamuuliza kama kifua bado kinambana wakati wa baridi. Kama anakula. Kama mkewe anamtunza. Hakuomba kitu. Hakutaja paspoti, wala hakujua habari yake. Mjomba kila mara: ndiyo, dada. Ndiyo, dada.

Kanirudishia simu bila kunitazama. Kaingia ndani, kafunga mlango.

Nimerudi na aibu. Nimemtumia mama kama ndoano.

Ijumaa, 21 Februari

Mama kapelekwa hospitali, karudishwa. Tereza kasema maji yamepungua mguu mmoja. Sauti ya Tereza imechoka.

Usiku tumegombana, mie na Baba Neema. Yeye anawaza ya baadaye. Nikishika paspoti ya kule, huku nimekuwa mgeni. Nitaomba kibali cha kuishi kwenye nyumba niliyoipiga ripu kwa mikono yangu.

"Na wakikukatalia kurudi?"

Neema alikuwa anasikia. Kauliza, kwa hiyo mie ni nusu? Baba yake kamwambia akalale.

Nimewaza kuacha. Naandika hivyo ili nisije kujidanganya: leo nimewaza kuacha.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Kanisa limejaa hadi nje. Mjomba alikuwa foleni ya pili, na majivu kwenye paji la uso, hakugeuka upande wangu. Nikasema basi.

Tulipotoka nikamkuta langoni, kofia mkononi.

"Kesho kutwa. Nipitie asubuhi."

Kaondoka na fimbo yake. Sikupata hata nafasi ya kusema asante.

Ijumaa, 7 Machi



Mjomba kavaa koti la harusi ya Deo. Dada wa ubalozini katukaribisha chumba cha ndani. Kamuuliza jina, kisha mahali alipozaliwa.

Nimesikia feni. Kisha:

"Mueda."

Baada ya hapo kafunguka. Kataja kijiji, mto wa kuchotea maji, jina la babu. Usiku niliozaliwa yeye ndiye aliyetumwa kumwita mkunga, mvua inanyesha, kaanguka kakata kidevu. Kaonyesha kovu. Hilo kovu nimeliona maisha yangu yote, sikuwahi kuuliza.

Kisha kasema habari ambayo sijawahi kuambiwa. Bibi hakuweza kutembea. Wanaume walitaka kumwacha, hapakuwa na namna. Mama kasema mama yake haachwi peke yake na chui na bunduki. Kanipandisha mabegani mwa mjomba kwa mikono yake. Kamwambia: usimshushe mpaka ng'ambo.

"Sikumshusha," mjomba kamwambia yule dada. "Alilia, alinikojolea, sikumshusha."

Dada kaweka kalamu chini. Kasubiri kidogo ndipo akaendelea kuandika.

Mjomba kaweka sahihi.

Nje nilitaka kumnunulia soda. Kakataa. Kasema anataka kwenda kulala.

Jumamosi, 15 Machi

Deo kajua. Alikwenda kwa baba yake, mjomba mwenyewe ndiye aliyemwambia. Shangazi anasema walizozana mpaka majirani wakaja.

Leo nimekutana na Deo njiani, kavuka upande wa pili. Sare za wanawe kazitoa kwangu, kampelekea fundi mwingine. Mwingine yeyote angefanya hivyo nisingejali. Huyu kaniuma.

Mpaka leo hakuna mtu wa serikali aliyekuja kumuuliza mjomba lolote. Yeye kasema akiulizwa atasema kweli. Kachoka kuwa wa Newala.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Maji yameingia kibandani, nimeinua cherehani juu ya meza. Uzi mweupe wote umeharibika.

Ubalozini bado. Tereza kasema mama halii tena kwa maumivu, analala mchana. Sijui hiyo ni nafuu au ni nini. Sikutaka kumuuliza.

Alhamisi, 17 Aprili

Alhamisi Kuu. Ubalozini wamepiga: paspoti iko tayari.

Nimeifungua pale pale, nimesimama kwenye geti. Picha yangu, nimenuna. Jina langu lote, Anastazia, wameliandika kwa namna yao. Mahali pa kuzaliwa: Mueda.

Nilidhani nitafurahi. Nilijisikia kama mtu aliyetoka kwa daktari, kaambiwa jina la kitu alichokaa nacho miaka yote.

Jioni kanisani, misa ya kuosha miguu. Nimelia, watu wakadhani ni ibada.

Ijumaa, 2 Mei

Uhamiaji, na Baba Neema. Tulikuja na cheti cha ndoa. Hii ni mara yetu ya tatu tangu Pasaka.

Ofisa ni kijana, ana adabu, kaniamkia. Kaniuliza niliingia nchini lini na kwa mpaka upi. Nikamwambia niliingia mtoto, mabegani mwa mtu, pasipo mpaka. Hakucheka. Kainuka kwenda kwa mkubwa wake, kakaa huko muda mrefu. Baba Neema kanishika kiwiko, hakuachia mpaka mlango ulipofunguka.

Wamenipa kibali. Naruhusiwa kuishi Tanzania kama mke wa mtu, mpaka tarehe iliyoandikwa. Mie niliyeijua Mbagala ikiwa mikorosho.

Nimesema asante. Nilimaanisha. Lakini nilipofika nyumbani nimekaa kizingitini, sikuingia upesi.

Jumatatu, 12 Mei

Kesho basi la Mtwara. Neema atabaki na cherehani, anajua kazi. Baba Neema kafunga begi langu mwenyewe, kafungua, kafunga tena.

Nimekwenda kuaga Kizuiani. Nilimwomba mjomba naye aombe paspoti tuje tuende wote siku nyingine. Katikisa kichwa. Magoti, kasema. Na Deo ndiyo kwanza kaanza kumwamkia.

Nikamuuliza nimpelekee dada yake ujumbe gani. Kafikiri.

"Mwambie nimezeeka."

Jumatano, 14 Mei

Nimevuka daraja la mpakani, Mtambaswala. Upande wetu wamegonga muhuri, nikatakiwa safari njema kama mgeni anayekwenda kwao.

Upande wa pili askari kanisemesha Kireno. Nikasema sielewi. Kaitazama paspoti, kanitazama mie, kaitazama tena. Uso ukawa mgumu. Kaita mwenzake, mama mmoja mnene mwenye sare, akaniuliza kwa Kiswahili kwa nini raia hajui lugha ya nchi yake.

"Nilibebwa," nikasema. "Nilikuwa mtoto."

Kanitazama. Kagonga muhuri.

"Wako wengi," kasema. "Pita."

Jumamosi, 17 Mei. Mueda

Baridi huku, sikujua. Tereza kanipa blanketi lake.

Mama ni mdogo wa umbo. Kwenye simu sauti ilikuwa ya mtu mkubwa, nikajenga mwili wa kufanana nayo. Kumbe nikimkumbatia mikono inazunguka na kubaki. Miguu bado imevimba, lakini anakaa, anasema, anagomba. Kimakonde changu cha Mbagala kinamchekesha. Vingine hatuelewani kabisa, Tereza anatafsiri.

Majirani wamekuja kunitazama. Kawaambia: huyu ni mwanangu, Mtanzania. Kasema kwa fahari. Wakanipa mkono mmoja mmoja.

Nimempa ujumbe wa mjomba. Kacheka, kisha kafuta macho kwa ncha ya khanga. Kauliza kama kale kakovu bado kapo.

Mchana tumekula ugali na kisamvu, sahani moja. Kaniuliza: "Unarudi lini kwenu?" Nikamwambia siku. Kalisogeza bakuli la mboga upande wangu, kaacha kula, akawa ananitazama tu ninavyokula.