Tanuru la Danieli Kule Chala

Mjukuu na mume wangu Deo,

Shikamoo yako imefika Mazwi, marahaba. Ulezi tumevuna, na kikohozi cha babu yako kimepoa.

Unauliza kama nimekwazika kwamba huko chuoni mnafukua mabaki ya kale na kusema habari za Biblia zilitokea kwingine, si pale watu walipodhani. Hata kidogo!

Utotoni kule Chala tuliamini kwamba tanuru la udongo lililokuwa kilimani ndimo walimotupwa wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli. Nililizunguka kwa mbali, sithubutu kulikaribia. Kisha wataalamu wakaja kuchimba, wakatoa mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa. Baba akacheka: “Hapo babu yangu aliyeyusha chuma cha majembe.”

Nilishusha pumzi. Vijana watatu walirudi Babeli, na Mungu wao hakuondoka Chala. Jumapili ile nilikwenda kusali kwa njia ya mkato, nikapita palepale kwenye tanuru, nikamwamkia yule babu yake Baba.

Bibi yako