Maji ya Chumvi Nyuma ya Atelye ya Ézéchiel

KITUO CHA POLISI, MUDZIPELA, BUNIA
Maelezo ya shahidi kuhusu vifo vya ng'ombe wanne

Jina: Séphora Mave
Umri: miaka 17
Kazi: mwanafunzi, mwaka wa tano, sehemu ya sayansi
Makao: Mudzipela, kwa wazazi
Tarehe: 16 Juni 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Nimeomba maelezo haya yaandikwe kwa Kiswahili. Afisa ameniambia kwamba hapa huandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa nakijua. Sababu ya ombi langu itaonekana mbele.

Ézéchiel Lonema, aliyefungwa hapa tangu Jumamosi jioni, ni jirani yetu. Hununua betri zilizochakaa za magari na pikipiki za umeme, zinazoingia kwa lori kutoka Uganda. Huzifungua, huchagua seli ambazo bado zina nguvu, kisha huzifunga upya kwa ajili ya taa za sola. Taa ninayosomea inawaka kwa betri yake. Chumba cha uzazi cha kituo cha afya kimeacha jenereta kwa sababu yake, na kina mama hawavuti tena moshi wa mazutu. Nasema haya kwanza kwa kuwa tangu Jumamosi sijasikia mtu akiyasema.

Hata hivyo nilikuwa na shaka naye. Siku moja nilimweleza tulichofundishwa shuleni, kwamba kobalti ya betri nyingi hutoka kusini mwa nchi yetu. Aligonga seli moja kwa ukucha akacheka: "Basi hii imetembea dunia yote, imechoka, imerudi nyumbani. Siye tunaikaribisha." Nikamuuliza ikifa kabisa ataitupa wapi. "Weye na maulizo yako! Kwanza iwake." Na nyuma ya atelye, yaani karakana yake, seli zilizokufa zilikuwa zimejaa magunia matatu.

Mnamo tarehe 22 Mei betri moja ilishika moto mikononi mwake ikamuunguza mkono wa kushoto. Tarehe 25 Mei, Jumapili, saa nane mchana, aliniita nimsomee karatasi ya Kifaransa aliyoitoa kwenye internet. Ilisema seli zilowekwe siku kadhaa katika maji ya chumvi ili umeme uishe kabla ya kuzifungua. Alinunua nusu ya pipa kwa fundi yule yule anayewakatia wafugaji mapipa ya kunyweshea ng'ombe. Chumvi alinunua ile ya Katwe, ya kahawia, ambayo wafugaji huwapa ng'ombe, kwa kuwa inauzwa kwa gunia. Mimi nilipima maji na kuweka alama ya chaki ndani ya pipa; maji yalikuwa ya kahawia, na seli zilizozama hazikuonekana.

Aliniomba pia niandike kibao cha kuonya watu. Niliandika kwa Kifaransa, kwa herufi nzuri, mistari mitatu, kwamba huo ni mchanganyiko wa chumvi wa kuondolea umeme, kwamba una hatari ya sumu, na kwamba ni marufuku kunywa.

Ézéchiel alikitazama kibao. "Maneno mingi hivi, mademoiselle. Chora basi kichwa ya mufu."

Nilimwambia michoro ni ya watoto wa primaire, shule ya msingi. Akasema, "Sawa, weye ndiye umesoma."

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, saa moja asubuhi, baba yangu, Mathieu Ngona, alitoka na ng'ombe kumi na mmoja wa papa Bruno. Baba amekuwa mchungaji wake kwa miaka tisa. Kila Jumamosi huwanywesha maji ya chumvi. Siku hiyo papa Bruno hakuwa ameleta chumvi. Atelye ilikuwa imefungwa, kwa sababu Ézéchiel ni Msabato na alikuwa kanisani.

Saa tisa alasiri nilisikia kelele nikatoka. Ng'ombe mmoja alikuwa ameanguka kando ya barabara, anatetemeka, povu mdomoni. Kufika saa kumi na moja walikuwa wamekufa wanne.

Papa Bruno alimuuliza baba: "Mathieu, zilikunywa wapi?"

"Ku kijito tu, patron."

Mama Domitille, anayeuza nyanya, akapaza sauti: "Kijito si inapita nyuma ya huyu mutu wa mabetri?"

Watu wakaanza kusema kwamba Ézéchiel ana kinyongo na papa Bruno kuhusu mpaka wa parcelle, yaani kiwanja. Ézéchiel alipotokea, amevaa koti, Biblia mkononi, walimzunguka.

"Mi nilikuwa ku kanisa tangu asubuhi!" alisema.

"Ndiyo, ulimwanga sumu kwanza, njo ukaenda kuomba!" mmoja akajibu, na watu wakacheka. Mwingine alikuwa tayari ameshika kiberiti akielekea kwenye atelye. Saa kumi na mbili polisi walimchukua Ézéchiel.

Nakiri kwamba mimi pia niliamini. Nilikumbuka yale magunia. Nilifikiri ameyamwaga kijitoni.

Lakini nyumbani baba hakula. Miguu ya suruali yake ilikuwa na chumvi iliyokauka. Maji ya kijito hayaachi chumvi.

Jumapili saa nne, baada ya misa, nilienda kijitoni. Bata wa mama Domitille walikuwa wakiogelea, wote wazima. Nikapita nyuma ya atelye. Kulikuwa na alama nyingi za kwato kuzunguka pipa. Nilipima kwa rula: maji yalikuwa yameshuka sentimita kumi na moja chini ya chaki yangu. Kibao changu kilikuwa kimesimama palepale, hakijaguswa.

Saa sita nilimkuta baba nyuma ya jiko. Nilimuuliza kama aliwanywesha pale.

"Nilionja na kidole. Ni chumvi ya Katwe, naijua. Pipa ni ya ngombe. Nilisema nitamushukuru mwenyewe akirudia ku kanisa."

"Na kibao, papa? Hukuona maandiko?"

"Niliona. Nilifikiri ni jina ya mwenye pipa."

Baba yangu alisoma miaka miwili tu. Kiswahili anakisoma polepole, neno moja moja, akifuata kwa kidole. Kifaransa hajui. Nimeishi naye miaka kumi na saba, na wakati naandika kibao kile sikumfikiria hata mara moja. Niliwafikiria watu ambao wangesifu Kifaransa changu.

Alisema pia: "Hapana sema kitu, mama. Bruno atanifukuza." Leo nimevaa sare kama ninayekwenda shule, nikaja hapa.

Sijui ni kitu gani hasa kilichowaua ng'ombe, kama ni chumvi iliyozidi au ni kilichotoka ndani ya seli. Daktari wa mifugo amechukua maji, yeye atasema. Ninachojua ni kwamba Ézéchiel hakumtegea mtu sumu. Afisa ameniuliza kama naelewa kwamba ninamtaja baba yangu mzazi. Naelewa. Naomba na mimi nitajwe, kwa ajili ya kibao.

Ombi la mwisho. Jana nilimsikia askari mmoja akisema watamwaga lile pipa kijitoni ili jambo liishe. Tafadhali lisimwagwe. Lifunikwe, na awekwe mtu, mpaka ajulikane anayeweza kulipeleka mahali salama. Mahali hapo mimi sipajui, wala Ézéchiel hapajui.

Niliyoyaona ni hayo, na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, nimekubali.

(Sahihi) Séphora Mave

Maandishi ya afisa: Maelezo yamepokelewa nami, afisa wa upelelezi (OPJ) Rodrigue Uketi. Shahidi amekuja kwa hiari. Kabla sijafunga, saa nne na dakika tano, Mathieu Ngona ameingia mwenyewe akiwa na bidoni, dumu aliyotekea maji ya lile pipa, akisema amemtafuta binti yake shuleni na hakumwona. Nimempa maelezo haya. Amekataa kusomewa. Ameyasoma peke yake, kwa kidole, dakika arobaini, bintiye amesimama kando. Alipofika mwisho ameuliza mahali pa kuweka jina lake, akaweka dole gumba chini ya sahihi ya binti. Nimeamuru Lonema atolewe, na pipa lilindwe. Kibao kipya kimeandikwa na shahidi hapa kituoni: SUMU. USINYWE. USINYWESHE. Juu yake amechora kichwa cha mfu.