Sketi ya Tangi la Nta

Jumapili, 2 Juni

Mume wangu. Naliandika neno hili kwa sababu nalipenda tu. Mume wangu! Sasa hivi anaota jua kwenye ngazi, hana nyusi ya kushoto. Imeungua kazini.

Yeye ni fundi umeme wa kiwanda cha mishumaa. Baridi hii nta inaganda kwenye kitako cha tangi, kile chenye umbo la faneli, na asubuhi koki haitoi hata tone. Basi anachuchumaa chini yake na moto wa gesi kuiyeyusha. Moto — chini ya tangi la nta! Nimemwambia utaniacha mjane hata zawadi za harusi hatujamaliza kuzifungua. Kacheka. Kasema ataomba hita ya umeme.

Nyusi moja, na bado anawapita wanaume wote wenye mbili.

Jumanne, 4 Juni

Bosi kakubali! Ila wamebishana. Bosi anataka mkanda wa joto, ule unaozungushwa kama bendeji. Kasema ni rahisi, hata yeye anaweza kuufunga. Mume wangu kamwambia, Mzee, umbo lote lile la faneli, mkanda utateleza na kupandana, na ukipandana unajiunguza wenyewe. Hita ngumu za chuma nazo kazikataa. Hazikunjiki, zitagusa hapa na kuacha pale. Kachagua blanketi: mpira laini wenye nyaya ndani, unaofuata umbo la tangi, usioogopa maji, na kidhibiti cha kuuzima nta ikishafikia joto lake.

Alikuwa ananieleza haya kwa mikono miwili huku chakula kinapoa. Jamani, anavyong'aa macho akisema "joto sawasawa pande zote"! Mama mkwe kauliza kutoka chumbani, hivi mwanangu, maharusi wengine nao huongea habari za hita? Nikamjibu, Mama, haya ndiyo mapenzi yenyewe.

Lakini Bosi kasema jaribio ni moja tu. Likishindikana wanarudi kwenye gesi, na hataki kusikia tena habari hiyo.



Jumamosi, 8 Juni

Leo nimekwenda kazini kwake! Watengenezaji wa blanketi wanataka umbo kamili la faneli ili wakate mpira kwa kipimo chake. Mume wangu alikuwa anachora, anafuta, anachora. Nikachungulia begani kwake. Nikasema, mpenzi, hiyo si sketi ya kengele iliyopinduliwa juu chini? Kaniangalia kama vile nimewasha taa.

Basi nikaingia chini ya tangi na futi yangu ya ushonaji shingoni, pini mdomoni, makaratasi yangu ya kukatia nguo kwapani. Nikampima tangi kiuno, nyonga, urefu. Wapakiaji wakaanza: fundi, unamshonea mikono mirefu au mifupi? Nikawaambia huyu hana mabega, msimseme, anasikia. Walicheka mpaka Bosi akatoka ofisini. Na mume wangu? Alimwambia kila aliyepita, "Huyo mke wangu." Hata aliyekuwa hajauliza.

Kiolezo changu kimetumwa leo leo. Kazi ya mikono yangu inakwenda kuvalishwa mtambo! Wateja wangu wa magauni wangeniona.

Alhamisi, 27 Juni

Hita imefika. Nyekundu, laini, inakunjika kama shuka. Inapwaya.

Amerudi, kakaa bila kuvua viatu. Nikauliza, imepungua? Kasema hapana, imezidi. Inaning'inia, hewa inaingia kati ya mpira na chuma. Penye hewa joto halina pa kwenda, basi nyaya zitajiunguza. Lazima ilale kwenye chuma kama ngozi.

Nafasi ya kupumua! Niliongeza nafasi ya kupumua. Sikufikiri hata kidogo, mkasi ulikwenda wenyewe, kama ninavyomfanyia kila mteja ili aweze kukaa na kula. Tangi lipumue la nini?

Nimemwambia palepale, machozi yakinitoka. Kanishika mikono. Kasema, "Mke wangu, umelihurumia tangi." Tukacheka. Halafu hatukucheka tena. Bosi anakuja kuona kesho asubuhi. Kuikata haiwezekani, nyaya zimejaa humo. Kuibana kwa mkunjo ndiyo kabisa, mkunjo utaungua.

Nimekaa na nakala ya kiolezo changu mapajani. Sketi ikipwaya kiunoni, mteja hataki kuipunguza, anafanyaje? Anaivaa nyongani! Na nyonga za huyu ziko juu. Hita ipande juu, kwenye unene, itakaza!

Nimemfuata bafuni mbio, ana povu kichwani. Kanisikiliza na jicho moja limefumba. Kasema ni kweli, itakaza — lakini shingo ya koki itabaki wazi, na ndiko nta inakogandia zaidi. Nikanywea. Ghafla yeye ndiye kapiga kelele: mkanda! Bosi alinunua mkanda wake kwa ukaidi, uko stoo bado. Na shingo ni fupi, imenyooka, unazunguka bila kupandana.

Mama mkwe kagonga mlango kuuliza kuna nini. Tumemjibu, hita! Katembea zake akiguna.

Ijumaa, 28 Juni

Naandika kiwandani, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimefunga duka langu leo. Ningebaki kushona nikiwaza huku, ningejishona kidole.

Tumeivalisha mapema, mimi na yeye. Juu imekaa! Nimepitisha kiganja kote, hakuna pa kuingiza hata ukucha. Shingoni kauzungusha ule mkanda polepole, kila mzunguko mbali na mwenzake. Bosi kauona, kakenua meno: si nilisema mkanda? Mume wangu kajibu, ulisema, Mzee, bila kukunja uso. Nimeolewa na mtu mwenye hekima!

Kisha Bosi katazama juu, kaona hita haiko pale ilipopangwa. Kauliza nani alikata kile kiolezo.

"Mimi," tukasema. Wote wawili, mara moja.

Bosi katuangalia mmoja mmoja. Kajaribu koki: kavu. Kasema haya, kaeni hapa nyote wawili, akirudi anataka kuona nta, asipoiona gesi inarudi. Kaenda zake.

Umeme umewashwa. Kidhibiti kimetoa mlio wake. Wapakiaji wamesimama na masanduku matupu, hakuna anayetania.

Mume wangu kachuchumaa, hana moto mkononi. Kauchukua mkono wangu wa kushoto, kauweka kwenye chuma, hapo shingoni, karibu na mkanda, na wake juu yake. Kaniuliza kwa sauti ya chini, unasikia?

Nasikia joto. Lakini sijui bado kama linatoka chini ya kiganja changu au juu yake.