Buluu ya Shimo Moja

Kakuma, Alhamisi

Dada yangu mpenzi Nafula,

Hujambo? Mgongo wa Mama umetulia? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Mimi ni mzima, ila jua limenibabua na mume wangu amenichosha. Usicheke! Najua mwezi uliopita nilikuandikia kurasa nne juu ya macho yake. Macho ni yaleyale. Shida ni kichwa.

Ofisi moja hapa ilimwita Ekai kutoka Lodwar aje achore mto kwenye ukuta wa ukumbi, na juu yake aandike KENYA YETU. Basi akachora Tarach, mto wa hapa alikokulia, kama ulivyo: mchanga mtupu, na mwanamke amepiga magoti kwenye shimo akichota maji.

Bwana wa ofisi akaja juu. "Mto gani huu? Kijana, hii ni barabara! Weka maji ya buluu na vilima vya majani chai. Kesho nikikuta mchanga, napaka chokaa ukuta mzima."

Nikamsihi, "Mpenzi, tia maji kidogo tu."

"Huu nimeunywa tangu utotoni," akasema. "Nikichora wenu, wetu utachorwa na nani?" Akatoka zake.

Dada, nilikasirika! Nikashika brashi, nikajaza buluu kote. Na hata Nzoia, mto wa kwetu, una rangi ya chai ya maziwa, wajua. Hiyo buluu niliitoa kwenye kalenda.

Mama Akiru, anayefagia ukumbi, akaingia akinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, bibi ya Ekai. Umeleta mto ya Kenya?"

"Kwani hapa si Kenya, mama?"

"Kenya ni kule, ukivuka Kainuk, ukitoka Turkana. Na huyu mama umezamisha. Sasa atachimba wapi?"

Nikatazama. Maji yalikuwa yamemfika yule mwanamke shingoni, na shimo lake halipo. Nililia, Nafula. Ekai aliporudi hakunigombeza, na hilo ndilo lilinichoma zaidi. Alinipa kitambaa chenye mafuta ya taa, tukafuta pamoja mpaka jioni. Buluu akaibakiza ndani ya shimo tu, kiasi cha bakuli.

Leo asubuhi yule bwana amekuja. "Maji yako wapi?"

Mama Akiru akanyoosha ufagio. "Si hiyo? Chai umekunywa saa hii ofisini, unafikiri ilitoka wapi?"

Bwana akasimama mbele ya lile shimo, tukidhani chokaa imefika. Kisha akasema, "Andikeni hayo maneno. Na herufi ziwe kubwa."

Ekai akanipa mimi brashi. KENYA niliandika vizuri. Kwenye YETU nilikuwa namtazama Ekai, na herufi zimepinda kidogo. Amekataa kuzinyoosha, mkaidi huyu wangu!

Mpe Mama mkono wangu, na Kuka, babu yetu, mwambie nilimkumbuka kwa chai. Watoto wako wabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako, mke wa mchoraji, buluu ingali kwenye kucha,

Nekesa